Jiwe kwenye tezi ya mate: cha kufanya kuanzia nyumbani mpaka hospitali

Wiki haipiti mtu hajaniuliza. "Eti na wewe ulikuwa ukila panavimba hapa chini ya taya?" Namuuliza maswali mawili matatu, nakuta ni kitu kilekile kilichonitesa mimi karibu miaka miwili, jiwe la mate. Na maswali ni yaleyale, ninywe dawa gani, nipakamue, ni kansa, nikipasuliwa mdomo si utapinda, basi nimeamua niandike yote sehemu moja, ukija kuniuliza nakutumia hii unasoma taratibu.

Mi si daktari. Ni mgonjwa niliyetibiwa hapahapa Dodoma, na haya nayoandika nimeyapata kwa kuwauliza sana madaktari walionihudumia na kwa kuumia mwenyewe. Kitu kimoja ukishike kabla hatujaanza: watu wanalipima hili tatizo kwa maumivu, wakati kinachoanza kuondoka ni mlo wako na kukaa na watu. Mi nilienda kwa shemeji yangu Bahi, ukaletwa ugali wa uwele na mlenda wa moto, wote tumeshanawa, tonge la pili tu nikasikia kile kitu kinabana, kama kuna mtu kaweka kidole chini ya taya anasukuma kutokea ndani, nikashika shavu nikajifanya nasoma simu. Shemeji akaniuliza, "Shem, mbona huli, au mboga haijakupendeza?" Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimeshiba, nilikuwa na njaa tangu asubuhi. Wakati huo nilishaanza kukwepa harusi, misiba, mpaka chakula cha mchana kazini, na suruali zote zilikuwa zinanipwaya. Kama umefika huko usizoee, hii kitu inatibika, na mara nyingi tezi yenyewe inabaki mahali pake.

Nadharia kidogo tu, alafu tuendelee. Una tezi kubwa za mate pea 3: mbele ya masikio, chini ya taya, na chini ya ulimi. Kila moja inamwaga mate mdomoni kupitia mirija. Madini ya kalisiamu yakiganda ndani ya mrija yanatengeneza kijiwe, ukila mate yanatengenezwa mengi ila njia imeziba, ndo maana panajaa wakati wa kula. Mawe mengi, kama 80 mpaka 90 kwa kila 100, yanakaa kwenye tezi ya chini ya taya kwa sababu mate yake ni mazito na mrija wake ni mrefu, kama sentimita 5, na unapanda kwenda juu. Wanaopata sana ni watu wazima, kuanzia miaka 30 mpaka 60 hivi.

Soma hapa kwanza, kuna hali sio za nyumbani

Ukiona chochote kati ya hivi, acha kusoma nenda hospitali sasa hivi hata kama ni saa 8 usiku: sakafu ya mdomo imevimba mpaka ulimi umenyanyuka, unashindwa kumeza hata mate yako yanakutoka, unapumua kwa shida, mdomo haufunguki, au una homa kali na kutetemeka huku shingo imevimba na kuwa nyekundu. Maambukizi ya chini ya ulimi yakishuka shingoni yanaziba njia ya hewa, na yanaenda haraka. Hapo habari ya limao na maji ya moto iishe.

Uwe na hivi

Kioo kidogo na tochi ya simu. Kitambaa safi cha pamba, kipande cha kanga ya zamani kinafaa kabisa. Maji ya moto kwenye chupa ya chai. Maji ya kunywa, chupa ya lita moja utakayotembea nayo. Limao, au ukwaju, au ubuyu ule wa kawaida usiopikwa na sukari na rangi (Dodoma hivi vitu ukienda sokoni Majengo havikosi). Parasetamo. Na daftari na kalamu, hili watu wanaliruka, ntakwambia baadae kwa nini lilinisaidia kuliko vyote.

Hatua

1. Hakikisha ni jiwe kweli. Dalili kubwa ni ile ya kupanda na kushuka. Unaanza kula, au hata unasikia tu harufu ya ndimu, upande mmoja unajaa na kuuma, alafu ukimaliza kula panashuka taratibu ndani ya saa moja au mbili. Jino likiuma halina tabia hiyo, linauma usiku, linauma ukinywa baridi. Matubwitubwi yanakuja na homa, mara nyingi mashavu yote mawili, na yanaondoka ndani ya wiki moja au mbili hayarudi. Tezi za shingoni zile za kinga hazijali umekula au hujala.

Sasa kuna uvimbe ambao haupandi wala haushuki, upo tu, mgumu, unakua polepole, umepita wiki 3. Au uso umeanza kulegea upande mmoja, au mdomo unakufa ganzi. Huo usiuite jiwe, nenda ukapimwe mapema maana uvimbe wa tezi wa aina nyingine nao upo. Na mashavu yote mawili yakijaa bila maumivu kwa miezi, daktari atataka kupima vitu vingine ikiwemo VVU, usikatae, ni kipimo cha kawaida.

Mi hatua hii niliikosea na iligharimu gego. Nilienda kliniki moja ambayo siitaji, nikasema taya linauma nikila, nikaambiwa ni jino, likang'olewa. Jino zima kabisa. Kesho yake nikala wali, pakajaa vilevile. Kwa hiyo ukifika kwa daktari usiseme "taya linauma", sema "panavimba nikila na panashuka nikimaliza", hiyo sentensi moja inabadilisha kila kitu.

2. Jiangalie mdomoni. Nawa mikono, kaa penye mwanga, nyanyua ulimi ukiwa mbele ya kioo. Katikati utaona kale kautando kanakoshika ulimi na sakafu ya mdomo, na pembeni mwake kushoto na kulia kuna vinundu viwili vidogo sana. Hapo ndo mlango wa mate. Pangusa pakauke kwa kitambaa safi, alafu bonyeza taratibu chini ya taya kutokea nje. Upande mzima utaona tone la mate meupe maangavu linachomoza kama chozi. Upande wenye jiwe hakitoki kitu, au inatoka kidogo sana, au yanatoka mate ya mawingu mawingu. Ukiona usaha au kuna ladha mbaya, una maambukizi, ruka uende hatua ya 7.

Alafu pitisha kidole sakafuni mwa mdomo kutoka nyuma kuja mbele huku mkono mwingine umeshika chini ya taya kwa nje. Wengine wanalipata jiwe hapohapo, kitu kigumu kama punje imefichwa chini ya ngozi. Na wengine wanaliona kabisa, kidoti cha njano mlangoni.

Kama uvimbe wako ni wa mbele ya sikio, mlango wake uko ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu.

*Onyo:* usichokoe. Najua inavyotamanisha, unaliona lile pale. Lakini pini, njiti, sindano, kijiti cha meno, vyote vinachana mlango, kidonda kikipona kinaacha kovu, na kovu linabana njia hata jiwe likishatoka. Na wale wanaotaka kukuchanja chini ya taya "watoe uchafu", au kukukata kimeo, kataa kwa heshima uondoke, kimeo hakihusiani kabisa na mate.

3. Maji, maji, maji. Sisi huku kati ni pakavu, mvua yenyewe Disemba mpaka Aprili, mwezi wa 8 ule upepo unakukausha mpaka midomo inapasuka, na tabia yetu ni kunywa chai asubuhi na maji jioni tukikumbuka. Mate yakiwa mazito jiwe halisukumwi. Lenga lita 2 mpaka 3 kwa siku, kidogo kidogo sio kwa mkupuo, mkojo uwe wa rangi hafifu. Mwenye shida ya moyo au figo aliyewekewa kipimo cha maji na daktari, afuate kipimo chake.

Hapa lazima nijibu swali ambalo kila mtu wa Dodoma ananiuliza: ni haya maji yetu ya chumvi? Nakuelewa, tunaona ule ukoko mweupe ndani ya birika tunafikiri na mdomoni ni hivyohivyo. Utafiti uliofanywa Uingereza kulinganisha sehemu zenye maji magumu na zenye maji laini haukukuta uhusiano na mawe ya mate. Nakwambia hivi kwa sababu nimekutana na watu wawili waliopunguza kunywa maji wakiogopa chumvi, na kupunguza maji ndo kosa lenyewe. Kunywa yaliyopo yakiwa salama. Maziwa na dagaa nao waache wakae mezani, kula kalisiamu hakutengenezi haya mawe.

4. Kanda. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kamua, jaribu kwanza kwenye kiganja kwa ndani, kisikuunguze. Weka juu ya uvimbe dakika 10 mpaka 15, kikipoa rudia. Mara 3 au 4 kwa siku, na fanya kabla ya kula maana ndo wakati pakilegea panakusaidia.

5. Kitu kichachu, alafu chua. Hii ndo kazi yenyewe na wengi wanaikosea. Mumunya kipande cha limao au ukwaju dakika 2 au 3 mate yajae. Hapohapo anza kuchua kufuata njia ya mate, yaani kutoka nyuma kuja mbele. Kwa tezi ya chini ya taya, weka vidole viwili chini ya mfupa karibu na kona ya taya, bonyeza kwa upole, vuta kuja kwenye kidevu, achia, rudi nyuma anza upya. Usifanye kwenda na kurudi kama unasugua sufuria. Kwa tezi ya mbele ya sikio, anza mbele ya sikio uje kwenye kona ya mdomo. Dakika 5 zinatosha, baada ya kila mlo. Ukisikia ghafla maji ya chumvi yamemwagika mdomoni na uvimbe umeshuka, mate yamepata njia, umefanya vizuri, tema uangalie kama kuna punje.

*Onyo:* ukiweka limao maumivu yanakuwa makali na panajaa tu bila kushuka, acha. Maana yake jiwe limeziba kabisa na wewe unazidi kujaza maji kwenye chupa iliyofungwa. Endelea na maji na kukanda, alafu nenda hospitali.

Onyo lingine dogo la meno: uchachu unakula meno, ukimaliza sukutua na maji ya kawaida, usipige mswaki mpaka ipite nusu saa hivi. Na pipi za ndimu siku nzima zitakuozesha meno huku ukitibu mate.

6. Dawa za maumivu, kwa akili. Mtu mzima parasetamo vidonge 2 vya miligramu 500, inaweza kurudiwa baada ya saa 6, isizidi vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni inasaidia zaidi kwa sababu inashusha na uvimbe, ila inywe na chakula, na usiiguse kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au pumu inayochokozwa na dawa za namna hiyo.

Antibiotiki haiyeyushi jiwe. Naomba hii uisome mara mbili. Mi nilinunuliwa dozi 4 tofauti dukani ndani ya mwaka mmoja, kila nikimaliza napata nafuu wiki mbili alafu inarudi, kwa sababu zilikuwa zinaua wadudu jiwe limekaa. Antibiotiki ni ya kama kuna maambukizi, uandikiwe na daktari, uimalize.

Na angalia dawa nyingine unazotumia. Za mafua na mzio zile zinazoleta usingizi, baadhi za presha zinazokojoza, amitriptilini ya usingizi au mishipa, hizi zinakausha mdomo. Usiache mwenyewe, muulize aliyekuandikia kama kuna mbadala. Sigara nayo iache, haikusaidii kitu hapa.

7. Nenda hospitali, usingoje miezi. Jiwe dogo lililo karibu na mlango linaweza kutoka kwa hatua za juu ndani ya siku chache. Wiki ikipita hamna mabadiliko, au kuna usaha, au homa, au inajirudia kila mwezi, nenda. Unaemtafuta ni daktari wa kinywa na meno, au bingwa wa masikio, pua na koo. Ukiwa Dodoma mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, watu wanaita Jenerali, na kuna Benjamin Mkapa kule upande wa UDOM. Ukiwa Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Manyoni au kokote, anza kituo cha karibu uombe barua ya rufaa, na kama una bima ulizia kabisa vipimo gani inalipia kabla hujapanda basi.

Kipimo cha kwanza kawaida ni ultrasaundi ya shingo na taya, haina mionzi, na mawe ya kuanzia milimita 2 mengi inayaona. Eksirei ya sakafu ya mdomo inaonyesha mengi ya chini ya taya, sio yote. Siti skani ni kama bado kuna utata au wanapanga upasuaji.

Usitoke kwa daktari bila kuandika majibu ya haya: jiwe lina milimita ngapi, liko wapi kwenye mrija, karibu na mlango au ndani ya tezi, ni moja au zaidi, tezi bado inafanya kazi, na swali kubwa, *tunaweza kulitoa jiwe tukabakiza tezi?* Uliza hilo hata kama unaona aibu. Zamani kutoa tezi nzima ilikuwa jibu la haraka, sa hivi madaktari wengi duniani wanaanza kwanza na njia za kuibakiza.

8. Jua njia ya matibabu kwa ukubwa wa jiwe lako. Ntatumia punje tunazozijua.

Jiwe la punje ya uwele, milimita 2 au 3: likiwa karibu na mlango daktari anaweza kulikamua tu au kupanua mlango kidogo kwa ganzi. Likiwa ndani zaidi kuna kamera nyembamba sana, unene wa milimita 1 hivi, inaingia kwenye mrija na kikapu kidogo cha waya kinalinasa. Njia hii ilianza Ulaya miaka ya 1990, na inafaa mawe ya mpaka milimita 4 chini ya taya, na 3 mbele ya sikio. Haipo kila hospitali, ulizia kabla hujasafiri.

Jiwe la punje ya mtama mpaka ya mahindi, milimita 4 mpaka 10: kama linapapasika sakafuni mwa mdomo, wanapasua kwa ndani ya mdomo, wanafungua mrija juu ya jiwe na kulitoa. Hakuna kovu usoni. Langu lilikuwa hivi, milimita 9. Sindano ya ganzi ndo iliuma, baada ya hapo nilisikia kuvutwa vutwa tu, kama dakika 40, alafu daktari akasema "hili hapa" akaliweka kwenye gozi mbele yangu. Lilikuwa la njano iliyofifia, refu kidogo, upande mmoja limechongoka, na juu lina magamba kama kipande kimebanduka kwenye birika. Nililiangalia muda mrefu. Kitu cha ukubwa ule ndo kilikuwa kinanikimbiza kwenye harusi za watu.

Kubwa zaidi ya hapo, au liko ndani kabisa ya tezi, au tezi imeshaharibika kwa maambukizi ya kurudia: hapo ndo kunaweza kuja kutoa tezi, kwa nusu kaputi, wanapasua nje chini ya taya. Ulizia mishipa 3 ya fahamu: ya mdomo wa chini, ya hisia za ulimi, na ya kusogeza ulimi. Swali la "mdomo utapinda?" linatokea hapa. Mdomo wa chini kulegea upande mmoja kunaweza kutokea, kwa wengi kunarudi baada ya wiki au miezi, kwa wachache hakurudi. Ndo maana nasema uliza, usitishike ukakimbia. Tezi moja ikitoka zilizobaki zinaendelea kutoa mate.

Kuna pia kuvunja jiwe kwa mawimbi kutokea nje, baadhi ya vituo vya Ulaya wanafanya.

9. Andika maisha yako, sio maumivu tu. Hili ndo daftari. Madaktari wana dodoso linaitwa OHIP-14, la mwaka 1997, maswali 14 kuhusu jinsi mdomo unavyoharibu maisha ya mtu, kila swali linapewa 0 mpaka 4, jumla 56, kadri inavyopanda ndo unavyoteseka. Limetumika kwa wagonjwa wa mawe ya mate pia, kabla na baada ya matibabu. Wewe huhitaji lote, kila Jumapili jipe alama 0 (kamwe) mpaka 4 (kila mara) kwa haya:

Wiki hii nimeacha chakula katikati? Nimekwepa kula na watu? Nimeona aibu kwa uvimbe? Nimeshindwa kulala? Nimekuwa mkali kwa watoto au wenzangu? Nimeshindwa kufanya kazi vizuri? Chakula kimekosa ladha?

Kwa nini usumbuke hivi? Kwanza daktari akiona umeandika "mara 11 nimeacha kula" anakuchukulia tofauti na ukisema "inauma uma". Mi kurasa mbili za daftari ndo zilinifanya nipewe ultrasaundi siku hiyohiyo baada ya kuzungushwa sehemu nyingi. Pili, baada ya matibabu unaona kwa macho kama kweli umepona, maana kuna watu maumivu yameisha lakini bado wanakula peke yao jikoni, wamezoea kuogopa.

10. Baada ya kutolewa. Siku 2 au 3 pamevimba, kula laini, uji, mtori, viazi vya kuponda, visiwe vya moto sana. Sukutua na maji ya chumvi ya uvuguvugu kuanzia kesho yake. Maji kwa wingi. Daktari akisharuhusu rudi kwenye limao na kuchua, mate yapite njia isigandamane na kidonda. Ganzi ya pembeni ya ulimi inaweza kukaa siku kadhaa, ikizidi mwambie. Uvimbe ukiongezeka badala ya kupungua, damu haikomi, au kumeza kunakuwa shida, rudi usiku huohuo.

Alafu jizoeze kula na watu. Nasema kama hatua kweli. Mi baada ya wiki mbili nilirudi Bahi, nikaomba mlenda uleule.

Makosa ninayoyaona sana

Kukandamiza kwa nguvu mpaka panakuwa pekundu. Kuacha kula siku nzima "ili pasivimbe", mate yanakaa bila kutembea na maambukizi yanaingia. Kushea antibiotiki iliyobaki ya ndugu. Kuacha kila kitu siku uvimbe ukishuka, wakati jiwe bado lipo limesogea tu.

Ikigoma

*Nimekanda na kuchua siku 4, panashuka lakini panarudi kila mlo.* Jiwe halitoki ila linaruhusu mate kidogo. Endelea, huku unapanga safari ya hospitali. Sio dharura, ila usiifikishe mwaka.

*Ultrasaundi haijaona kitu.* Linaweza kuwa dogo sana au limekaa mahali pabaya, au sio jiwe, ni mrija umebana kwa kovu. Dalili ni zilezile. Omba kipimo kingine, na ukiweza nenda siku pamevimba, kula kitu kichachu ukiwa kwenye foleni.

*Nafunga Ramadhani na wakati wa futari panajaa kama puto.* Mdomo umekaa mkavu siku nzima alafu unashtukiza tezi na tende na sharubati ya ukwaju. Anza na maji taratibu, kanda dakika 10, kula uji kwanza, vichachu mwisho. Daku kunywa maji ya kutosha. Ukiwa na usaha au homa, ongea na daktari na shekhe wako kuhusu kuahirisha, mgonjwa ana ruhusa.

*Ni mtoto wangu wa miaka 7.* Mawe kwa watoto ni nadra. Mpeleke akaangaliwe, usianze kumchua wala kumpa dawa za watu wazima.

*Nimetolewa tezi, usiku mdomo unakauka.* Tezi za chini ya taya ndo zinatoa sehemu kubwa ya mate wakati hujala, kwa hiyo inaeleweka. Weka maji karibu na kitanda, tafuna bigijii isiyo na sukari mchana, punguza kahawa ya jioni, na umwone daktari wa meno kila miezi 6 maana mdomo mkavu unaozesha meno haraka.

*Limerudi.* Inatokea, kwa wachache. Rudi hatua ya 1, na safari hii usianze na duka la dawa.

*Nilikuwa nachua, punje imetoka mdomoni!* Usiitupe. Ioshe, iweke kwenye kichupa kikavu, andika tarehe, nenda nayo kwa daktari hata kama hupati maumivu tena. Mwambie apapase mrija mzima mpaka nyuma, maana wakati mwingine nyuma ya jiwe la kwanza kuna la pili.